Fremu Mia Tatu na Hamsini

Sekunde kumi na nne tu, alisema mama yake Nsimire,
akaweka dola ishirini juu ya kibodi.
"Unitolee ule mutu. Anaharibisha ndoa."

Nikatazama.
Nsimire anashuka garini mbele ya kanisa, Himbi,
shela imeshikwa na watoto wawili wasiopatana mwendo,
na kati ya shela na kamera
anapita mtu na chukudu:
magunia matano ya makala,
goti juu ya kandambili kuukuu iliyopigiliwa ubaoni,
mguu wa pili ukiisukuma barabara nyuma.
Ana haraka. Hakualikwa.

Pale mzungukoni amesimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu,
maharusi hupanga foleni wapigwe naye picha.
Huyu wa makala hatakiwi.

Sekunde moja ni picha ishirini na tano.
Katika kila picha nimzungushie mstari,
nukta kwa nukta, kama fundi anayempima kanzu
mteja asiyekubali kusimama.
Kompyuta hukisia, na hukisia vibaya:
makala meusi, suruali nyeusi,
barabara nyeusi ya mawe ya volkano,
mashine haioni pa kumtenganisha na Goma.
Mimi naona. Ndiyo maana nalipwa.

Fremu ya 41, kiwiko.
Fremu ya 88, jasho limeng'aa shingoni; nikaligawa,
nusu lake, nusu la jua.
Fremu ya 143, umeme ukakatika Katindo nzima.
Nikamsikia jirani akivuta kamba ya jenereta,
mara tatu, mara nne, kisha tusi.
Gizani nilimwona bado,
pale pale nilipomwacha,
goti juu, mguu hewani,
akingoja umeme kama mimi.

Usiku wa pili nilikwisha jua
kwamba bega lake la kushoto limelala,
kwamba kifungo kimoja cha shati ni cha shati jingine,
kwamba akikaribia shimo huuma mdomo wa chini.
Mkewe, kama anaye, aliyajua haya kwa miaka.
Mimi kwa nukta.
Nilipofundishwa kazi hii hakuna aliyeniambia
kwamba ili umfute mtu vizuri
sharti umjue hadi ukucha.

Kingo usizikaze. Mtu anayekwenda hana mpaka mkali,
mkono wake ni moshi kidogo,
gurudumu la mbao lina ukungu wa mbio.
Ukimkata kama kwa mkasi
litabaki shimo lenye umbo lake,
na wageni watalitazama shimo kuliko bibi harusi.
Lainisha. Pikseli tatu.
Nne kwenye kisigino.

Saa tisa za usiku nikamaliza.
Kuna kitufe kimoja cha kuipindua maski,
ya nje yakawa ndani, ya ndani nje.
Nilikibonyeza ili nikague kazi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.
Kanisa likazimika. Gari, watoto, Nsimire na shela yake,
vyote vikaondoka bila kuaga,
akabaki yeye katika weusi mtupu,
anasukuma,
magunia matano, bila barabara, bila mji,
hadi ukingo wa kioo.
Nikamrudisha mwanzo. Akasukuma tena.
Sikuhesabu mara ngapi.

Mama alikuja asubuhi, akatazama amesimama, funguo mkononi.
"Kama vile hakupitaka mutu," akasema, akacheka.
Nikamshukuru.

Lakini kivuli sikukitoa.
Kwa dola ishirini kivuli hakimo.
Sekunde ya tisa, ukijua pa kutazama,
kitu kinapanda juu ya shela nyeupe,
kinakunjika pale kitambaa kinapokunjika,
na Nsimire, ambaye siku ile hakuona kitu,
anainua pindo kidogo
kama mtu anayepisha.